Dafrosa na Msiba wa Mjapani

Dafrosa Kokushubira hakuwahi kufua nguo zake kimya. Mashine ikianza kuzunguka, na mdomo wake unaanza. Nasema hivi kwa upendo, maana nilifua naye Jumamosi asubuhi kwa miaka kumi na miwili, na kama ningekuwa mtu wa kuchoshwa na maneno ningeshahamia Hjulsta, mwisho kabisa wa treni ya bluu.

Katika jengo letu la Hallunda, huku Uswidi, hakuna anayefulia nyumbani kwake. Chini ya ngazi kuna chumba cha kufulia, mashine tatu na kabati la kukaushia, na ukutani kuna ubao wenye siku na saa. Kila familia ina kufuli lake dogo lenye namba. Unalichomeka kwenye saa unayoitaka, na saa hiyo ni yako. Mswidi ukimkanyaga mguu atakuomba radhi yeye, lakini mwibie nusu saa ya kufulia uone. Sisi tulikuwa watatu tuliopanga makufuli yetu yafuatane kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi: Dafrosa, Emérithe Mrundi, na mimi, Theresia, ambaye wenzangu waliniita Mama Anitha.

Dafrosa alikuwa Mhaya wa Kamachumu, na Mhaya asipokuambia amesoma ujue anaumwa. Mimi, Mchaga, aliniambia hilo siku ya kwanza, kabla sijamaliza kutenga nguo nyeupe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaletwa Uswidi mwaka 1987 kwa kozi ya miezi tisa ya elimu ya watu wazima. Katika mwezi wa saba akakutana na Evodius, kijana wa kwao aliyekuwa akifunga breki za malori kiwandani Södertälje, mtu wa maneno kumi kwa siku, na manane kati ya hayo ni "ndiyo". Miezi tisa ikawa miaka. Ualimu haukumfuata. Cheti chake walikitazama, wakamrudishia kwa heshima zote, naye akaenda kutunza wazee. Hakulalamika sana. Alichokosa ni darasa, basi akatufanya sisi wawili kuwa darasa.

Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi kulikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi, macho yamekwisha, akili nzima. Mwaka 2004 bibi huyo alimwomba Dafrosa amsomee kurasa kumi kila alasiri. Kitabu kilikuwa cha Kijapani kilichotafsiriwa kwa Kiswidi, na mwandishi wake aliitwa Sanae Kuromiya. Bibi alifariki kitabu kikiwa nusu. Dafrosa akaazima nakala maktaba ili amalizie, kisha akaazima vingine, na tangu hapo tukawa tunaishi na Mjapani.

Maisha ya huyo Kuromiya tuliyajua kama ya jirani. Alizaliwa mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Japani, mahali ambapo theluji hufika madirishani. Baba yake alichuuza samaki wakavu. Alipomaliza shule aliajiriwa kukata tiketi stesheni, akakata tiketi miaka kumi na tisa. Aliandika alfajiri, kwenye meza ya jikoni, kabla ya treni ya kwanza, na kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa na miaka arobaini na mmoja. "Arobaini na mmoja!" Dafrosa alikuwa akisema, kidole juu, kama vile sisi ndio tuliomchelewesha. Nafikiri hapo ndipo alipompendea. Mtu wa kazi ndogo mwenye kichwa kikubwa, si ndiye yeye mwenyewe?

Vitabu vilivyofika Uswidi vilikuwa vitatu. Kimoja kilihusu ndugu wawili wanaogombania kisima kilichokwisha kauka, nacho kilinichekesha kwa sababu nawajua watu wa namna hiyo kwetu Kibosho. Cha pili kilikuwa cha mpishi wa shule. Cha tatu, chenye jina la Viatu vya Mlinda Reli, ndicho kilichotuletea mambo.

Humo kuna mwanamke ambaye mumewe hufungua na kufunga kizuizi mahali barabara inapokata reli. Asubuhi moja ya theluji mume anatoka kwenda kazini na hafiki. Hakuna mwili, hakuna barua. Mke anaendelea kumwekea bakuli lake la wali mezani miaka saba. Wengine wanasema alitoroka, wengine wanasema kafa, na shemeji zake wanamkataza kulia. Mwaka wa saba anatwaa viatu vya mumewe vya akiba, anaving'arisha, anavipeleka hekaluni. Mtawa anaviombea kama maiti, mji mzima unakuja na ubani, vinazikwa. Jioni anaweka mezani bakuli moja tu.

Dafrosa alitusimulia kitabu hicho mapema mwaka 2009, kipande kwa kipande, kila Jumamosi kwa muda wa mizigo miwili ya nguo. Kinaanza na mke huyo akitaja jina lake, Sanae kama la mwandishi mwenyewe, mji wake na siku ambayo mumewe alipotea. Basi Dafrosa akasimama kando ya mashine, mikono imekutana mbele, sauti chini, akaanza vivyo hivyo. Sasa, ukisimama hivyo mbele ya watu wetu, ukataja jina na ulikotoka na siku ya balaa lako, hakuna anayedhani ni hadithi. Huo ni ushuhuda. Kanisani kwa akina Emérithe kila Jumapili watu watatu wanne husimama namna hiyo, na ushuhuda hauulizwi maswali. Emérithe akaacha kukunja mashuka yake.

Hapa lazima nieleze Emérithe alikuwa nani. Alikuja Hallunda mwaka 2001 na binti yake Bella, akitokea Bujumbura kwa njia ya kambi moja ya Kigoma. Kiswahili chake kilikuwa cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, chenye Kifaransa kidogo cha kutia chumvi. Mumewe, Zacharie, alipotea mwaka 1995, Bella akiwa na mwaka mmoja. Hayo ndiyo tuliyoyajua, na hatukuuliza zaidi. Tuliona ni adabu. Jambo jingine alilolitaja mara moja tu ni fomu. Kila fomu ya ofisi za huku inakuuliza umeolewa au wewe ni mjane, naye alikuwa akiacha hapo patupu, halafu karani anampigia simu. Matanga hakuwahi kuyaweka wala kuyaondoa. Shemeji yake Félix, aliyeishi Södertälje, alikuwa amesema wazi kwamba atakayemlilia kaka yake ndiye atakayekuwa amemuua.

"Mwalimu," Emérithe alisema siku kitabu kilipokwisha, "huyo mama wa Japani, alimuzika bila mwili?"

"Alizika viatu."

"Na watu walikuja?"

"Mji mzima."

"Na mashemeji walikubali?"

Dafrosa akafikiri. "Mwishoni, ndiyo."

"Bon," akasema Emérithe, akainama kutoa nguo kwenye mashine.

Dafrosa alilichukua hilo kama sifa ya usimuliaji wake, akatembea wiki nzima amenyanyua kidevu. Mimi sikufikiri lolote, nilikuwa na soksi za watoto wanne.

Mwezi wa tisa Emérithe akatuletea kadi za mwaliko. Alikuwa amekodi ukumbi wa kanisa kwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kuondoa matanga ya Zacharie, baada ya miaka kumi na minne. Félix amekubali, shingo upande, lakini amekubali.

"Ulimwambiaje?" nikamuuliza.

"Nilimwambia kuna mama Japani, anaitwa Sanae. Mume wake alipotea kama Zacharie. Alimungoja miaka saba, akamuzika bila mwili, na Mungu hakumupiga. Félix akasema, kama mtu alishafanya, basi inafanyika."

Dafrosa akanitazama. Mimi nikaitazama mashine.

Alipotoka Emérithe nilimwambia Dafrosa asimame aseme ukweli leo hii. Akaniambia atasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikawa na wiki ijayo yake. Nilipombana alinijibu kwa uchungu, na sikuwahi kumsikia na uchungu kabla ya hapo. "Nikimwambia ni maneno ya kutunga, ataacha. Miaka kumi na minne, Mama Anitha! Mwache amzike mumewe. Kwani ukweli utamsaidia nini?" Nilikuwa na hasira tu, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu nilitamani awe amesema sawa.

Mambo yangepita hivyo kama Kuromiya angebaki kwao. Mwezi wa kumi maktaba ya Hallunda ikabandika tangazo mlangoni lenye picha yake: atazungumza na wasomaji wake kwenye ukumbi mmoja karibu na Odenplan, katikati ya jiji. Dafrosa aliliona akapita. Emérithe aliliona akapanda ngazi mbio mpaka kwetu.

"Tutaenda watatu," akasema. "Miye nataka kumushukuru."

Tukaenda. Emérithe alivaa mavazi yake ya kwendea harusini, na mapajani alipakata kikapu cha kwao chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho dada yake alikisuka Gitega. Dafrosa hakusema neno kutoka Hallunda mpaka kituo cha T-Centralen tulipobadili treni. Evodius angejivunia.

Mwandishi alikuwa mama mdogo mwenye sweta la kijivu na miwani, anayezungumza polepole huku akitazama meza. Alieleza juu ya samaki wakavu wa baba yake na juu ya treni ya kwanza ya alfajiri. Msichana wa Kijapani alimfasiria kwa Kiswidi. Mambo ya ndoa hayakutajwa, na nikamwona Dafrosa akianza kupumua. Kisha watu wakapanga foleni kusainiwa vitabu. Emérithe hakuwa na kitabu. Alikuwa na kikapu, na alipanga foleni.

Ilipofika zamu yetu alikitoa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.

"Mwalimu, umwambie pole sana kwa mume wake. Umwambie miye pia wangu hakurudi, na mwezi unaokuja nitafanya kama yeye alivyofanya."

Dafrosa alifasiri kwa Kiswidi, neno kwa neno. Ninamshuhudia. Msichana akafasiri kwa Kijapani. Kuromiya akaweka kalamu chini, akamtazama Emérithe kwa muda mrefu, watu nyuma yetu wakaanza kukohoa. Kisha akajibu, kidogo kidogo, na msichana akayageuza kwa Kiswidi.

Alisema hivi. Hajawahi kuolewa. Mume yule alimbuni. Lakini pale stesheni kulikuwa na mama aliyenunua kila jioni tiketi ndogo ya kuingilia jukwaani, pale treni zinaposimama, akasimama mpaka treni ya mwisho, akarudi nyumbani. Miaka mingi. Yeye alimkatia tiketi hiyo kila jioni na hakuwahi kumuuliza anamsubiri nani. Siku moja mama yule akaacha kuja. Aibu ilimshika mkata tiketi, na kwa aibu hiyo akaandika.

Dafrosa akamgeukia Emérithe. Uso wake ulikuwa wa mwalimu aliyesahau somo.

"Anasema asante," akasema. "Anasema amefurahi sana, anakutakia heri."

Emérithe hakumtazama mwandishi tena. Alimtazama Dafrosa. Kiswidi chake kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa Kiswidi cha fomu, na kuna swali moja ambalo fomu zilikuwa zimemfundisha kwa miaka minane.

"Amesema hajaolewa," akasema.

Aliinama tena mbele ya Kuromiya, akaacha kikapu mezani, akatoka.

Ndani ya treni akanitaka mimi nimwambie yote yaliyosemwa, si Dafrosa. Nikamwambia, na yule mama wa jukwaani pia. Alisikiliza akitazama dirisha, ingawa tulikuwa chini ya ardhi na hapakuwa na cha kutazama. Alisema tulipofika nje ya kituo cha Hallunda, amesimama wima, bila kupandisha sauti.

"Huyo mama wa tiketi aliona aibu sababu hakuuliza. Bon. Weye, Mwalimu, tunafua pamoja miaka nane. Umenililisha mume wa kitabu. Wa kwangu, ulishawahi kuuliza hata siku moja?" Kisha akanigeukia. "Na weye, Mama Anitha?"

Aliondoka, sisi tukabaki na baridi yetu.

Jumamosi iliyofuata kufuli lake halikuwepo kwenye saa yetu. Lilikuwa Jumatano. Dafrosa alifua kimya, na niseme kweli, kile kimya nilikichukia kuliko maneno yake yote. Aligonga mlango wa Emérithe mara mbili. Bella, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na anayemjibu mama yake Kiswidi hata akisemeshwa Kirundi, alifungua akasema mama amelala, mchana kweupe. Mimi niliamini ukumbi utafutwa na Félix atapata ushindi wake.

Jumamosi ya tatu, Emérithe alishuka. Hakubeba nguo. Alikaa kwenye benchi lililo chini ya ubao, akaweka mikono mapajani.

"Félix nimemwambia," akasema. "Nimemwambia ile ya Japani ni ya kitabu. Akasema basi tuache. Nikamujibu hapana. Kama hakuna mtu alishafanya, miye nitafanya. Aje, asije, ni yeye." Kisha akamtazama Dafrosa. "Weye umenililisha mtu ambaye hakuzaliwa. Wangu alizaliwa. Kaa chini nikuambie, sababu weye ndiye utasema siku ile."

Kwa Warundi, kwenye shughuli kama hiyo familia haisemi yenyewe. Inasemewa na msemaji, mwanaume mzima mwenye heshima zake, anayejua kupanga maneno. Hapa alikuwa akichaguliwa mwanamke, tena Mtanzania, tena mwongo aliyekamatwa. Dafrosa alifungua mdomo, nikadhani atakataa. Alikaa chini.

Zilibaki Jumamosi nne. Katika zote Dafrosa alisikiliza, na mimi nikafua nguo zake pamoja na zangu bila kuambiwa. Aliuliza, akaandika kwenye daftari la shule, akasoma alichoandika, Emérithe akasahihisha. Mara mbili Emérithe alilia, tukangoja. Mara moja walicheka wote mpaka Mswidi wa ghorofa ya pili akachungulia.

Ukumbi ulijaa. Warundi walikuja hata kutoka Södertälje, na Félix alikuwa mstari wa mbele, tai imebana, mikono kifuani. Kila mtu alipewa kinywaji. Aliposimama Dafrosa, minong'ono ikaanza kwa wazee, na sikuwalaumu.

Hakukutanisha mikono mbele. Hakujifanya mtu mwingine. "Mimi sikumjua Zacharie Ndikuriyo," akasema. "Haya nimeambiwa na mke wake."

Akaeleza kwamba alizaliwa Gitega, akawa fundi redio Buyenzi. Redio akishaitengeneza aliiweka mlangoni ikaimba saa nzima, mtaa mzima uikague kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Hakupenda maharage na aliyala kila siku bila kusema, mkewe akagundua kutoka kwa wengine. Bella alipozaliwa alimpima kwa utepe wa fundi cherehani jirani, kila Jumapili, akaandika vipimo ukutani kwa penseli. Siku moja ya Jumanne mwaka 1995 alivaa shati la buluu, akabeba redio ya mteja wa ng'ambo ya mto Ntahangwa, akasema atarudi kabla wali haujaiva.

Hapo Dafrosa akaishia, kwa sababu Emérithe hakuwa na zaidi ya hapo, na yeye hakuongeza. Nilimjua, nilijua jinsi ulimi unavyomwasha. Hakuongeza hata neno.

Bella, pembeni ya mama yake, akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akauliza kwa Kiswahili, cha kuchechemea, lakini Kiswahili.

"Alikuwa mrefu?"

Dafrosa akatazama daftari. Hapakuwa na kitu. Katika Jumamosi zote nne hakuuliza hilo. Zamani angejibu papo hapo, na wote tungemwona Zacharie akiinama kupita mlangoni. Sasa alifunga daftari, akamgeukia Emérithe, akangoja.

Emérithe alisimama.

"Apana, mwanangu," akasema. "Alikuwa mfupi. Ukisimama naye, mungelingana."

Félix ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika, na machozi yakapita katikati ya vidole. Mzee mmoja nyuma akasema ni kweli, alikuwa mfupi yule, walimwita Betri. Bella akavuta kiti chake karibu na cha mama yake, akauliza swali la pili.